Neno lile lile, maana nyingine: tusaidiane

Ndugu zangu, habari za siku nyingi.

Wiki yangu ya kwanza Ufaransa nilifungua bomba lenye herufi C nikijua ni la maji baridi, kwa Kiingereza changu cha shule. Nikaruka! Kumbe C ni chaud, yaani moto. Baridi ni F. Italia vilevile: caldo ni moto, hata kama sikioni linafanana na cold.

Neno usilolijua halina shida, utauliza. Linaloponza ni lile unaloamini unalijua.

Baadaye nikahamia Ujerumani. Kopo limeandikwa Gift, nikadhani zawadi. Ni sumu! Na mzizi ni mmoja, kutoa: kinachotolewa kwa Waingereza kikabaki zawadi, kwa Wajerumani kikawa dozi ya dawa, mwisho sumu. Waswidi ndio wamezidi: kwao gift ni sumu, na pia ni mtu aliyeoa au kuolewa. Sina la kuongeza hapo.

Ila kilichonigharimu hasa ni saa. Niliambiwa miadi ni halb drei, neno kwa neno half three. Mwingereza akisema half three ni saa tisa na nusu, basi nikafika saa tisa na robo, najisifu kwa kuwahi. Mjerumani yeye anahesabu nusu ya kuiendea saa tisa: saa nane na nusu. Nilipangiwa siku nyingine. Siku hizi naomba waniandikie 14:30.

Wengine mmekutana na yapi?

---

Shikamoo kaka (walioko Ufaransa na Uhispania wasiliite kwa sauti barabarani, caca kwao ni mavi).

Naongezea la dawa, maana hili si la kucheka. Once kwa Kiingereza ni mara moja. Kwa Kihispania, herufi zile zile nne, ni kumi na moja. Ukimsaidia jirani msomaji wa Kihispania, mwombe mfamasia aandike tarakimu 1.

Na anayekwepa vyakula vyenye kemikali za kuhifadhia asiulize Wafaransa kuhusu préservatif. Hiyo ni kondomu. Waulize conservateur. Mimi niliuliza kwa sauti, foleni nzima nyuma yangu.

---

Nimecheka sana. Halafu nikakumbuka kwamba huku Finland sana maana yake ni "neno".