Mteremko wa mstari unaokata mwingine kwa pembe mraba

Mzazi wa Mbagala
Habari za jioni, ndugu zangu. Binti yangu yuko Kidato cha Nne, na jana tulikwama kwenye swali linalomtaka atafute mlinganyo wa mstari unaopita kwenye nukta (3, 1) na kuukata mstari 3x + 4y = 12 kwa pembe mraba. Alichukua 3 iliyo mbele ya x akaifanya mteremko, akaigeuza kuwa −1/3, lakini jibu lililotolewa ni y = (4/3)x − 3. Amekariri kwamba mteremko "unapinduliwa na kubadilishwa alama", ila nilipomuuliza kwa nini, alinyamaza, nami niliyemaliza shule zamani sikuwa na la kumwambia. Naomba mnieleze alikosea wapi na kanuni hiyo inatoka wapi.

Mwalimu wa Temeke
Ndugu mzazi, kanuni ameikumbuka vizuri; alikosea kabla ya kuifikia. Namba iliyo mbele ya x haiwi mteremko mpaka y ibaki peke yake upande mmoja. Hapa 4y = −3x + 12, na tukigawanya kwa 4 tunapata y = −(3/4)x + 3, kwa hiyo mteremko ni −3/4. Wanafunzi wangu wengi hupotezea alama hapo hapo.

Ama sababu ya kanuni, ni vyema aione kwa macho yake kwenye karatasi ya grafu. Mteremko wa −3/4 maana yake ni kwamba kila ukienda hatua 4 kulia, unashuka hatua 3. Achore mwendo huo, kisha aizungushe karatasi robo mzunguko kinyume cha mwendo wa saa: zile hatua 4 zilizokwenda kulia sasa zinapanda juu, na zile 3 zilizoshuka sasa zinakwenda kulia, hivyo mteremko mpya ni 4/3. Kiasi na asili vimebadilishana nafasi kwa sababu mlalo umekuwa wima na wima umekuwa mlalo, na alama imegeuka kwa sababu mstari uliokuwa ukishuka sasa unapanda. Baada ya hapo aandike y − 1 = (4/3)(x − 3), na jibu litatoka lenyewe.

Fundi wa Tegeta
Naongeza uthibitisho, kwa kuwa sisi wajenzi tunautumia kila tunapopima kona ya msingi kwa kamba: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na kama kona imekaa mraba, kati ya ncha hizo mbili zitapatikana mita 5 kamili. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras. Sasa chukua mistari miwili inayoanzia (0, 0) yenye miteremko m na n. Mmoja utapita (1, m) na mwingine (1, n). Mraba wa umbali kati ya nukta hizo ni (m − n)², na ikiwa kona ni pembe mraba, lazima ulingane na (1 + m²) + (1 + n²), yaani miraba ya umbali wa kila nukta kutoka (0, 0) ikijumlishwa. Ukifungua mabano na kufuta vinavyofanana, inabaki −2mn = 2, yaani mn = −1. Kwa swali la binti, −3/4 mara 4/3 ni −1.

Mzazi wa Mbagala
Nashukuru sana. Tumezungusha karatasi, na safari hii yeye ndiye aliyenieleza mimi. Ameuliza jambo moja: je, mstari ukiwa x = 5, atapindua nini?

Mwalimu wa Temeke
Ameuliza jambo la msingi. Mstari x = 5 umesimama wima, haupigi hata hatua moja kulia, na kwa kuwa hatugawanyi kwa sifuri, hauna mteremko; kanuni ya zao la −1 haiuhusu. Unaoukata kwa pembe mraba ni mstari wa mlalo, wenye mteremko 0. Ukipita kwenye nukta (3, 1), mlinganyo wake ni y = 1.