Suzuki SJ410: nilainishe vipi springi za majani kwa safari za mbugani?

Mwenye Suzuki, Kisauni

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nina Suzuki SJ410, ile ya injini ya cc 970, yenye springi za majani (vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) kwenye magurudumu yote manne, na ninaitumia kwa safari za familia kutoka Mombasa hadi Tsavo Mashariki kwa kuingilia lango la Buchuma. Kwenye lami ya kupita Mariakani na Mackinnon Road hatuna la kulalamika. Shida huanza tukishaingia mbugani, kwenye changarawe iliyojikunja kama mabati: gari hudunda mfululizo, sehemu ya nyuma huvutika upande kila penye kona, na watoto hufika bwawa la Aruba, humo humo mbugani, wamechoka kuliko dereva. Tukiwa wanne na maji, petroli ya akiba na hema juu ya keria, gari hukaa chini kwa nyuma na mipira ya kuzuia ekseli hugonga kwenye mashimo.

Nimepata ushauri wa aina mbili. Fundi mmoja anataka kuongeza nyuma jani moja nene lililotoka kwenye pikapu, na mwingine anataka kunifungia shakeli ndefu (vile vyuma vinavyounganisha ncha moja ya springi na chesisi) mbele na nyuma ili gari liinuke. Sihitaji gari la kupanda majabali. Ninachotaka ni safari isiyoumiza mgongo, na gari litulie barabarani. Majani yenyewe yana kutu, ila hakuna lililovunjika, na shokamzoba hazivuji mafuta. Nianzie wapi?

Fundi wa springi, Changamwe

Wa alaykum salaam, kaka. Kabla ya kuongeza chochote, fungua kilichopo ukitazame. Gari lililoishi pwani hupata chumvi katika kila mwanya, na majani yaliyoshikwa na kutu hayatelezi tena moja juu ya jingine. Ukilitenganisha fungu la majani utaona kwenye tumbo la kila jani kijifereji kilichochongwa na ncha ya jani lililo chini yake. Ncha hiyo hukwama humo, na springi haianzi kujikunja mpaka pigo la barabara lishinde ule mkwamo. Kwenye shimo kubwa pigo hushinda, ndiyo maana unaona springi ikifanya kazi. Kwenye mikunjo midogo ya changarawe pigo halifiki kiasi hicho, kwa hiyo springi hukaa kama chuma kimoja na mtikiso wote hupanda hadi kwenye kiti. Tatizo lako la kwanza, kwa maelezo uliyotoa, ni msuguano.

Kazi yenyewe si ya gharama kubwa, ingawa inataka subira. Toa springi, fungua bolti ya kati huku fungu limebanwa vizuri kwa klempu, kisha safisha kila jani kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Kijifereji kikiwa chepesi kisage mpaka kipotee. Kikiwa kirefu, au ukiona ufa hata mdogo kama unywele, jani hilo libadilishwe, kwa sababu ufa huanzia hapo hapo. Ncha za majani zisagwe kingo zake ziwe mviringo ili zisichonge tena. Paka rangi yenye grafaiti katikati ya majani, au weka vipande vya plastiki ngumu chini ya ncha. Grisi ya kawaida siipendi kwa gari la changarawe, kwani hushika mchanga ikawa msasa, na ikifika kwenye bushi za mpira, zile zinazokaa kwenye viungo vya ncha za springi, huzilainisha hadi zikaharibika.

Sasa kuhusu lile jani la pikapu. Ugumu wa jani hufuata unene wake mara tatu, yaani unene kuzidisha kwa unene kuzidisha tena kwa unene. Jani la milimita 7 likiwekwa mahali pa la milimita 6, kwa upana na urefu ule ule, huwa gumu kwa karibu asilimia 60 zaidi, na tofauti kwa jicho ni milimita moja tu. Jani la pikapu ni nene kuliko hayo, na upinde wake haulingani na wa springi zako, kwa hiyo litabeba mzigo peke yake sehemu ya safari huku mengine yakining'inia. Gari litainuka, ni kweli, lakini siku ukiwa na mkeo peke yenu litarukaruka kuliko sasa. Kama baada ya kusafisha nyuma bado iko chini, agiza springi mpya za nyuma zilizopimwa kwa uzito unaobeba, au ongeza jani jembamba la upana sawa lenye upinde unaofuata upinde wa fungu lote. Na asikubali mtu yeyote kuyatia majani yako motoni ili ayakunje upya kisha ayaache yapoe ardhini. Chuma cha springi kikishapoteza ule ugumu wake wa kiwandani kitalala tena baada ya muda mfupi, na kukirudishia kunahitaji tanuri na upoozaji unaodhibitiwa.

Mpenda njia mbaya, Nyali

Mimi ningependekeza ekseli zihamishiwe chini ya springi. SJ410 hutoka kiwandani ekseli ikiwa imekaa juu ya springi, na ukiibadilisha gari hupanda zaidi ya sentimita 12 bila kugusa majani yenyewe. Springi hubaki laini kama ilivyokuwa, na mipira ya kuzuia haitagonga tena.

Dereva wa utalii, Likoni

Ndugu wa Nyali, kwa mtu wa kupanda miamba nisingekupinga, lakini mwenzetu anabeba watoto na hema juu ya keria. Gari lenye umbali wa milimita 2,030 tu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, tena jembamba, ukiliinua sentimita 12 umeusogeza uzito wake wote juu, na kona ya ghafla ya kumkwepa mnyama ndipo hatari ilipo. Kuna pia fimbo ya usukani itakayolala kwa pembe kali, mipira ya breki itakayokuwa mifupi, propela shafti zitakazofanya kazi kwa pembe zisizokusudiwa, na ekseli itakayojipinda kila ukikanyaga breki au mafuta. Mabadiliko ya namna hiyo yanahitaji pia kuulizwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na kampuni ya bima kabla ya spana kuguswa.

Shakeli ndefu nazo zina yake. Kwanza, ukirefusha shakeli kwa milimita 50, gari huinuka kama 25 hivi, maana upande mmoja tu wa springi ndio ulioshushwa. Pili, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwenye SJ410 shakeli ya mbele iko kwenye ncha ya mbele ya springi. Ukiirefusha, springi huinamisha pua, na ekseli hugeuka pamoja nayo hadi ule mwinamo unaoufanya usukani urudi wenyewe katikati unapungua. Matokeo yake ni gari linalotangatanga kwenye lami, ukiwa umebanwa na malori ya bandarini upande huu na huu. Ikilazimu kurefusha mbele, basi kabari za chuma ziwekwe kati ya springi na ekseli kuurudisha mwinamo huo, na upimwe gereji yenye vifaa.

Kuhusu kuvutika kwa nyuma kwenye kona, ningeanza na shokamzoba. Kutovuja si ushahidi kwamba ni nzima. Zifungue, uzivute na kuzisukuma kwa mkono zikiwa zimesimama: zikienda bila upinzani, au zikiwa na pengo kabla ya kushika, zimekwisha. Gurudumu lisilozuiliwa hurukia kutoka mkunjo hadi mkunjo, na likiwa hewani halishiki barabara. Usinunue zile ngumu kupita kiasi zilizokusudiwa magari mazito, kwa kuwa gari lako halifiki hata tani moja likiwa tupu. Pima pia urefu: springi ikibanwa hadi mwisho, mpira wa kuzuia uguse kabla shokamzoba haijafika kikomo chake.

Mwisho, angalia upepo wa matairi. Mimi hushusha hadi paundi 18 au 20 nikishaingia mbugani, na sizidishi kilomita 40 kwa saa, ambayo ndiyo kasi inayoruhusiwa humo. Nikirudi kwenye lami hujaza kabla ya kuongeza mwendo, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hupata joto kwa kasi na hupasuka.

Mwenye Suzuki, Kisauni

Nawashukuru sana. Nimefungua upande mmoja wa nyuma na vijifereji vipo kama fundi alivyoeleza, kwenye majani mawili, na bushi za shakeli zimepasuka. Je, nizibadilishe kwa zile za plastiki ngumu? Na yu-bolti zilezile, zinazobana springi kwenye ekseli, zinaweza kurudi?

Fundi wa springi, Changamwe

Kwa ulaini unaoutafuta, baki na bushi za mpira. Zile za plastiki ngumu hudumu, lakini hupitisha mtikiso zaidi na hupiga kelele zisipotiwa grisi yake maalum. Bolti za shakeli na za macho ya springi (matundu ya kwenye ncha zake) zikaze kidogo tu gari likiwa juu ya jeki, kisha ulishushe, ulitikise, na ndipo uzikaze kabisa likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza gari likiwa juu, mpira hubaki umesokotwa muda wote, na nadhani hizo zako zilipasuka kwa sababu hiyo.

Yu-bolti nunua mpya, kwani zikishakazwa mara ya kwanza hunyooka kidogo na nyuzi zake hazibani tena vilevile. Zikaze kwa mpishano, moja baada ya nyingine, hakikisha kichwa cha bolti ya kati kimeingia kwenye tundu lake chini ya ekseli, halafu uzikaze tena baada ya kilomita mia kadhaa, majani yakishajipanga. Hema lishushe kutoka kwenye keria, na jerikeni za maji uziweke sakafuni nyuma ya viti vya mbele. Lita 20 za maji ni kilo 20, na mzigo ukikaa katikati ya ekseli mbili springi za nyuma hazibebi peke yake. Fanya hayo kwanza, upime urefu kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa matagadi gari likiwa limepakiwa, kisha utuletee vipimo hivyo kabla hujaagiza springi mpya.