Aliyefanya leza ya kovu la moto, uliridhika kweli?

MamaZai_Mbagala: Wadau habari zenu. Mdogo wangu aliungua na mafuta ya vitumbua mwaka jana, mkono wa kulia kuanzia chini ya kiwiko mpaka begani. Kidonda kilifunga ila kovu limeinuka, gumu, jekundujekundu, na linawasha balaa, usiku anaamka anajikuna na kitana. Sasa kliniki moja huku mjini wamemwambia leza inaondoa kovu lote anabaki na ngozi ya zamani, na malipo ni kila ukienda. Waliofanya mliridhika au ndo kuliwa hela? Na ngozi yetu nyeusi haiharibiki?

Tabu_wa_Tandika: Mimi nilifanyiwa India, paja. Wanakupaka dawa ya ganzi unakaa nayo weee, halafu mashine ikianza ni kama mtu anakupiga na raba bendi mfululizo, na harufu ya kuungua unaisikia, kwahiyo aliyewahi kuungua ajiandae kichwani. Baadae panajaa vidoti vya magamba vinapukutika vyenyewe. Muwasho ulikata, ngozi ikalainika, nachuchumaa bila kuvutwa. Kovu lipo palepale lakini. Mimi nimeridhika, mume wangu ukimuuliza anasema haoni tofauti yoyote 😂

Mkuu_wa_Kona: Anayekuahidi ngozi ya zamani kimbia. Binamu yangu alifanya sehemu akatoka na mabaka meusi kuzunguka kovu, kuuliza akaambiwa apake krimu wanayouza wao wenyewe.

NesiWaZamu: Dada, huyo mume wa Tabu kachekesha ila ndo ilivyo. Kuna kipimo cha makovu kinaitwa POSAS, kina fomu mbili, ya mgonjwa na ya mtazamaji, mana mgonjwa anajua muwasho na maumivu ambayo wewe wa nje huyaoni. Leza zenyewe siyo moja. Kuna inayolenga mishipa ya damu, hiyo inapunguza wekundu na muwasho, na kuna ya kaboni dioksidi inayotoboa vitundu vidogo sana ili kovu lijipange upya na kulainika. Zote ni za kurudiarudia, kwa kawaida wiki 4 mpaka 8 katikati. Ngozi nyeusi inafanyika, ila hatari ya mabaka au weupe kwetu ni kubwa zaidi, kwahiyo muulize anayeshika mashine kama ni daktari wa ngozi au wa upasuaji wa kurekebisha, na ajaribu kipande kidogo kwanza asubiri. Jua akwepe, mkorogo asiguse kabisa. Na kovu la mwaka mmoja bado linabadilika, ameshajaribu silikoni (jeli au karatasi laini ya kubandika juu ya kovu), nguo ya kubana, au sindano za triamcinolone, dawa ya steroidi inayochomwa ndani ya kovu lishuke? Halafu kiwiko kinanyooka?

MamaZai_Mbagala: Asanteni jamani. Silikoni hata hatukuambiwa. Kiwiko hakinyooki vizuri, akibeba ndoo analalamika, sisi tukajua ni uoga tu.

NesiWaZamu: Hapo sasa. Kovu limeshaanza kuvuta kiungo, na leza peke yake haikinyooshi. Anzeni hospitali ya Muhimbili au CCBRT, mwone daktari wa upasuaji wa kurekebisha na mtu wa fiziotherapia. Hiyo hela ya kliniki msiitoe kwanza mpaka mkono uangaliwe.

Tabu_wa_Tandika: Na hicho kitana mnyang'anye leo leo. Apake mafuta mazito, kitambaa cha baridi juu, muwasho unapoa.