Mapambo na zawadi za Krismasi za kutengeneza nyumbani

Mzazi wa Iringa: Ndugu zangu, mwaka huu tungependa kupamba nyumba na kuandaa zawadi kwa mikono yetu pamoja na watoto, badala ya kununua mapambo ya plastiki ambayo huishia jalalani kabla Januari haijaisha. Ni vitu gani vya huku kwetu vinavyofaa?

Mkazi wa Mafinga: Dada, huku Mufindi, karibu na msitu wa Sao Hill, watoto huokota matunda makavu ya mipaini, wakayapaka chokaa na kuyafunga kwa uzi. Kwa mti wenyewe, omba tawi kwa mwenye shamba. Kukata mche mchanga ni kumharibia mtu mbao zake za baadaye.

Mwenyeji wa Tukuyu: Sisi hujenga pango la Noeli kwa magome makavu ya mgomba. Kwa kuwa Desemba ni msimu wa mvua, yakusanye mapema na uyaanike darini juu ya jiko, la sivyo yataota ukungu. Ng'ombe na kondoo watoto huwafinyanga kwa udongo, na ninaamini hiyo ndiyo sehemu wanayoipenda kuliko zote.

Bibi wa Kilolo: Mjukuu wangu, kwa zawadi sioni kinachoshinda kikapu cha milulu, zile nyasi ndefu za kusukia. Ilowekeni kwanza ili isikatike mnapoikunja, mkaanze na kikapu kidogo cha kutilia mayai, kwa maana kikubwa humchosha mtoto kabla hajafika ukingoni.