Mrejesho: diski za breki za pikap, nimebadilisha

Assalaam alaykum ndugu zangu, mie ndo yule nlouliza diski za mbele nizichonge (zikwanguliwe uso kwa mashine zinyooke) au nnunue mpya, usukani ukitetemeka nikikanyaga breki. Basi nkaenda kwa fundi Mwanakwerekwe, nkamwambia kabla ya kuchonga tupime. Ubavuni mwa diski imepigwa muhuri unene wa chini kabisa milimita 22, ya kulia ikasoma 22.8 ya kushoto 22.3, na kila upande ina michirizi na kutu, maana gari inabeba samaki toka Mkokotoni, chumvi kila siku. Ukichonga hadi inyooke lazima ushuke chini ya 22, hapo diski haihimili moto, inaweza kupasuka. Ingekuwa 24 ningechonga wallahi, pesa ngumu.

Nkanunua zote mbili, huwezi kubadili moja gari itavuta upande, na pedi mpya pia. Waloniambia nisafishe habu (kile kitovu cha gurudumu diski inapokaa) kutu kabla ya kufunga ahsanteni sana, ilikuwa na gamba nene hilo peke yake lingeleta mtetemo. Wiki ya pili sasa, usukani umetulia kabisa.