Kichwa cha He-Man kimegeuka rangi ya chai, nisaidieni kabla sijakiharibu

Jirani_wa_Buru
Wadau, habari za jioni. Nina He-Man, yule mwanasesere shujaa wa kampuni ya Mattel, ambaye mjomba alimletea kaka yangu akitoka Uingereza tukiwa wadogo. Mgongoni ameandikwa 1981. Miaka yote hiyo amesimama juu ya kabati la vyombo la mama pale Buruburu, kando ya dirisha linalopigwa na jua la asubuhi. Juzi mama alikuwa akipanga vitu vyake, akanipa.

Mwili uko sawa. Shida ni kichwa. Shavu lililoelekea dirishani limekuwa rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Nikichungulia chini ya kidevu naona rangi yake ya zamani, na mpaka umekatika wazi kama mkono wa mtu aliyevua saa baada ya kushinda juani.

Jamaa wa kazini anasema nikiloweke kwenye jiki usiku kucha. Roho inasita. Nyinyi hufanyaje?

Fundi_Luthuli
Roho yako ina akili kuliko huyo jamaa. Jiki haitoi umanjano wa plastiki, itaikausha tu na kuila rangi ya macho.

Mimi hufufua kompyuta kuukuu na mashine za gemu. Dawa ni haidrojeni peroksaidi pamoja na jua. Wapenzi wa kompyuta za zamani waliieneza mbinu hii mwaka 2008 hivi, wakaiita Retr0bright. Chukua kreimu ya asilimia 12, paka, funga kwa nailoni ya kufunikia chakula, anika. Jioni utashangaa.

Mzee_wa_Vinyago
Fundi, polepole. Kifuniko cha kompyuta ni ABS, plastiki ngumu. Kichwa cha He-Man ni vinaili laini. Jirani, bonyeza shavu kwa kidole: likibonyea na kurudi, ndiyo hiyo. Halafu bonyeza kifua, utahisi ugumu. Ndiyo maana kichwa na kifua havikuzeeka sawa ingawa vilikaa dirisha moja.

Hiyo 1981, kwa njia, usimtajie mnunuzi kama mwaka wa kutengenezwa. Ni mwaka wa hakimiliki. Wanasesere hawa waliingia madukani 1982, na waliotoka kiwandani miaka iliyofuata waliendelea kupigwa muhuri uleule. Mimi nilimlipa mtu wa soko la Toi pesa nzuri kwa ajili ya tarakimu hizo. Sijamsamehe, wala sijajisamehe.

Sasa kichwa. Kabla ya dawa yoyote, jua unapigana na nini. Lowesha kijiti cha pamba ya masikio kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua sehemu ndogo nyuma ya shingo. Pamba ikirudi na rangi ya kahawia, una moshi na vumbi la miaka, na huenda sabuni pekee ikamaliza nusu ya kazi. Uso ukinata kama peremende iliyolambwa, kilainishi kilichotiwa ndani ya vinaili kinatoka nje: osha, kausha, wala usimfungie kwenye mfuko wa plastiki. Pamba ikirudi safi na rangi imebaki palepale, hapo jua limebadilisha plastiki yenyewe, tuzungumze peroksaidi.

Jirani_wa_Buru
Hakinati. Pamba ya kwanza imetoka kama niliichovya kwenye kahawa! Ya tano imetoka safi. Shavu limepungua wekundu lakini bado halifanani na kidevu.

Mzee_wa_Vinyago
Basi una yote mawili. Kitoe kichwa. Weka maji ya moto kwenye bakuli, yasiwe yanatokota, mwinamishe He-Man kichwa chini, maji yaishie shingoni, dakika mbili tatu. Vinaili ikilegea, vuta huku ukizungusha. Mwili USIUTIE majini. Kiunoni kuna springi ya chuma, ile inayomfanya arushe ngumi, na ikishika kutu ndani hutaifikia bila kupasua kifua.

Shiro_wa_Saluni
Nimeona mnatajiana asilimia 12 kama mnaagiza soda, nikaona niingie. Hiyo ndiyo developa ya volyumu 40, ile peroksaidi ya kuchanganya na rangi ya nywele. Volyumu 20 ni asilimia 6, na 10 ni asilimia 3. Ile ya 40 ikikugusa mkononi inaacha ngozi nyeupe inayowasha, na jichoni ni hospitali moja kwa moja. Vaa glavu na miwani. Duka lolote la vipodozi Dubois Road wanazo zote.

Kwa kichwa kidogo hivyo anza na 6. Tena omba ya maji badala ya kreimu, au pitia kwa duka la dawa. Kreimu inakauka sehemu moja na kubaki mbichi sehemu nyingine, unapata mabaka. Nimeyaona kwa nywele za watu, sembuse plastiki.

Fundi_Luthuli
Kwa mabaka nakubali, nina kibodi yenye michirizi kama pundamilia. Na Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, miale ya urujuanimno ni mikali hata kukiwa na ubaridi. Angalia kila nusu saa, usiende kutazama mpira.

Mama_Tito_Kayole
Mimi hutengeneza wanasesere wa wasichana. Nywele za huyo He-Man ni rangi iliyopakwa juu, na macho pia. Pakaza vaselini hapo kwa kijiti cha meno, taratibu, bila kugusa ngozi ya uso, kwa sababu palipo na vaselini dawa haiingii. Na ukikuta doa la wino au la kitambaa, peroksaidi ya maji hailiwezi vizuri. Mimi hutumia dawa ya chunusi yenye benzoili peroksaidi, tone dogo juu ya doa tu, kisha juani.

Otis254
Mwacheni mzee wa watu. Hata mimi shavu moja limeiva kwa dirisha la matatu.

Jirani_wa_Buru
Ripoti. Kichwa kilitoka na mlio kama kizibo. Kina uwazi ndani, kwa hiyo kilielea kwenye chupa ya jemu mpaka nilipokijaza gololi tatu za mtoto. Asilimia 6, muda wa saa tatu Jumamosi, na muda huohuo Jumapili, nikikigeuza kila viputo vilipojikusanya. Kikasuuzwa, kikakaa usiku kwenye maji safi.

Shavu limerudi karibu kabisa. Ukijua kuwa mpaka ulikuwepo, utauona, usipojua huuoni. Ila kando ya sikio pana alama nyeupe kama punje ya mchele, nadhani kiputo kilinishinda. Nirudie?

Mama_Tito_Kayole
Usirudie. Utafukuza punje hiyo upate gunzi.

Mzee_wa_Vinyago
Acha hapo. Pasha kichwa maji ya moto tena, kirudishe, na umtafutie kabati lisilo na dirisha. Umanjano huwa unarudi, hasa ukimrudisha juani.

Jirani_wa_Buru
Kabati lipo. Tatizo mama amepiga simu anauliza kama nimemaliza, anataka kumrudisha mahali pake.