Mapesheni na minyaa ya jirani kwenye fensi yangu ya Gungu, nifanyeje?

Ndugu zangu wa Kigoma mlioko nyumbani na huku nje, habari za saa hizi, wakubwa shikamooni. Naombeni ushauri, usingizi sina siku ya tatu leo. Nyumba yangu ya Gungu wengi mnaijua, mbele fensi ni ya matofali, ubavuni hela iliniishia nikaweka nguzo na wavu. Sasa mzee wa jirani kapanda mapesheni chini ya ule wavu, yametambaa yameufunika wote, na kule nyuma minyaa yake imelalia ukuta. Kijana anayenitunzia nyumba kanitumia picha, nguzo mbili zimeinama kabisa upande wangu. Huku Uingereza tawi la jirani likivuka unalikata mpaka usawa wa mpaka wako, nilishafanya hivyo na jirani yangu wa huku wala hakukuwa na neno. Nilitaka kumwambia kijana achukue panga afyeke yote Jumamosi hii, mama kanikataza, kasema uliza watu kwanza. Ndo nauliza.

*

Marahaba dada. Msikilize mama.

Mi niko hapa Katubuka na hili limenikuta, kwangu ulikuwa mwembe wa mama mmoja jirani, tawi linakuja juu ya bati, nikangoja kasafiri kwenda Kasulu nikaita kibarua akakata, na akakata hadi lisilonihusu. Alivyorudi hakugomba. Alinyamaza tu, salamu ikaisha, watoto wakakatazwa kuja kwangu. Miezi michache mbele nikiwa Dar watu wakaruka ukuta usiku wakang'oa mota ya maji, na dirisha la yule mama linatazama kisima changu moja kwa moja. Zamani hata mbuzi akiingia kwangu alikuwa ananipigia simu. Sasa wewe uko mbali mwaka mzima, huyo mzee ndo macho yako hapo Gungu, kijana wako akienda sokoni nani anabaki?

Mpigie mwenyewe kwa simu, usimtume kijana, mzee akiletewa maneno na mtoto ataona umemdharau. Anza na salamu, ulizia afya, ulizia mavuno ya mapesheni, maana pengine ndo anauza hapo anapata ya sukari na sabuni. Halafu mwambie fensi inalala. Mi ningekuwa wewe ningemwambia nitakuletea miti na kibarua tujenge chanja upande wako, mapesheni yahamie huko. Shina lisikatwe chini kabisa, likizeeka ukilikata chini mara nyingi halichipui tena, yapunguzwe tu yale yaliyoshika wavu taratibu kwa mkasi, ukivuta kwa nguvu unang'oa na wavu. Na ifanyike sasa hivi kiangazi, mvua zikianza udongo unalainika na yale majani yakilowa uzito wake si mchezo, nguzo zilizobaki nazo zitakwenda.

Minyaa sasa, hapo naomba unisikilize vizuri. Usimwambie mtu afyeke minyaa kwa panga kama anafyeka majani! Ule utomvu mweupe ukiruka jichoni ni maumivu makali sana na mtu anaweza asione kwa muda, nimemwona kijana hapa kapigwa nao, kazungushiwa kitambaa machoni analia kama mtoto. Avae miwani ya fundi wa kuchomelea au hata ya jua iliyofunika vizuri, glavu, shati la mikono mirefu, ndoo ya maji safi iwe karibu, ukiingia jichoni aoshe kwa maji mengi muda mrefu halafu aende hospitali, asisugue. Watoto wakae mbali. Vikonyo vilivyokatwa visiachwe chini maana minyaa inapandwa kwa kikonyo, mvua ikija unakuta fensi nyingine, na usivichome vibichi, moshi wake unawasha macho na koo.

Kingine, kabla hujamwambia mzee neno la mpaka, kijana atafute bikoni kwanza, zile alama za mpaka zilizowekwa na wapimaji. Watu wengi hapa walijenga kwa kukadiria, unaweza kukuta wavu ndo uko kwake.

*

Habari zenu, naongezea kidogo toka Ujerumani. Dada, sheria ya ugenini iache ugenini, hata huku kwenyewe zinatofautiana. Hapa tawi la jirani hulikati hivihivi, unampa kwanza muda wa kulikata mwenyewe, na uzio wa miti kuanzia 1 Machi mpaka 30 Septemba hauruhusiwi kukatwa sana kwa ajili ya ndege, kupunguza kidogo tu. Na hapo Uingereza usisahau yale matawi uliyokata kisheria bado ni ya jirani, na kuna miti iliyolindwa na halmashauri hugusi bila kibali.

Nyumbani ikishindikana kabisa na mzee, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Baraza la kata tangu 2021 halitoi hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu, likishindwa ndani ya siku 30 ndo unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila kwa mapesheni jamani, msifike huko.

*

Asanteni sana, kaka wa Katubuka Mungu akulipe, hilo la mota limenigusa. Nimempigia mzee leo baada ya magharibi. Kumbe alikuwa anaziona zile nguzo na alishamuuliza kijana namba yangu, kijana hakunipa taarifa. Kakubali chanja, miti anayo, kasema mimi nilete misumari na hela ya kibarua. Minyaa kasema tusiiguse mpaka awepo mwenyewe kwa sababu anajua inakatwaje. Bikoni ya nyuma imeonekana, iko chini ya hayohayo mapesheni, wavu uko sawa. Ya mbele kijana bado anaitafuta. Miwani naomba aliyeko Mwanga anisaidie kununua mbili, moja ya kijana moja ya mzee, nitarudisha kwa simu leoleo.